Mwizi wa Mstari wa Pembeni

Kwa Dada yangu mpendwa,

Shikamoo Dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba lile jino lililokuwa likikusumbua umeshaling'oa, maana nakujua, ukikiona kiti cha daktari wa meno unakumbuka ghafla kwamba umeacha sufuria jikoni. Sisi huku hatujambo. Mke wangu hajambo, binti yetu hajambo na anazidi kurefuka, na mimi mwenyewe nimepona yale maumivu ya tumbo niliyokuwa nikiyasingizia maharage. Hayakuwa maharage, Dada. Ilikuwa hofu tupu.

Najua barua yangu iliyopita ilikunyima raha. Shemeji aliniambia kwamba uliisoma mara mbili kisha ukashika tama, usitake hata chai. Nisamehe. Basi kabla sijaanza kuzungukazunguka kama kawaida yangu, nikutue mzigo hapa hapa: sihamishwi. Kitengo chetu cha viazi vitamu hakifungwi. Yale maboksi ambayo mke wangu alikuwa ameanza kuyakusanya tumeyarudisha dukani, isipokuwa moja ambalo binti yetu amelifanya nyumba ya paka. Jana nilikula sahani mbili na nikalala kama mtoto aliyeoga. Nimeshusha pumzi, Dada, pumzi ambayo nadhani ilinikaa kifuani tangu msimu uliopita.

Utauliza kwa nini sikupiga simu kwa habari njema kama hii. Nyumba yetu siku hizi haina siri. Mama mkwe alikuja kwetu mwaka juzi kuuguzwa baada ya kupasuliwa goti. Goti likapona, yeye akabaki. Kiti chake kiko pale sebuleni, katikati ya milango yote, na yule ni mwalimu mkuu mstaafu, aliyeweza kuandika ubaoni huku amekupa mgongo na akajua nani amenong'ona dawati la mwisho. Na habari yenyewe inamhusu yeye. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa ofisini, mlango nimeufunga. Isome peke yako kwanza, ucheke, ndipo umsomee shemeji.

Kazi yangu unaijua, ingawa kila nikikueleza unasema eti nalipwa kuchezea maua. Haya, ni kweli nachezea maua. Asubuhi nachukua chavua ya ua la kiazi hiki nalipaka ua la kiazi kile, kisha nalifunga kwa uzi, nyuki asije akanivurugia ndoa. Mbegu zikikomaa, kila mbegu ni kiazi kipya ambacho hakijawahi kuwapo. Tunazipanda, tunachimba, wabaya tunawatupa; waliobaki tunawapanda tena, na tunatupa tena. Wanaotoa fedha wanataka kiazi cha rangi ya chungwa, chenye vitamini ya kuwasaidia watoto macho. Walaji nao wanataka kiazi kikavu, chenye unga, kinachomegeka vizuri mkononi na kuteremka na chai bila kumkaba mtu koo. Mimi niko katikati yao. Viazi nilivyotoa miaka ya nyuma vilikuwa na rangi ya kuvutia kweli, ila ukivichemsha vinalowa chapachapa na vinanuka karoti. Watu walivipokea kwa makofi, wakapiga picha navyo, wakaenda nyumbani wakawapa nguruwe.

Ndipo akaja huyu Mkuu mpya wa kituo chetu cha utafiti, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi hadi kola. Si mtu mbaya. Aliniita akaniambia wazi kwamba hawezi kuendelea kulima viazi vya nguruwe. Kungekuwa na siku moja ya kuonja, ya mwisho, na waonjaji wangekuwa walaji wenyewe. Wakikipenda kiazi changu kimoja kuliko kile cheupe wanachonunua kila siku sokoni, nabaki. Wasipokipenda, matuta yangu yanapandwa kitu kingine na mimi napelekwa kituo cha pamba, kule mbali ambako mke wangu hana kazi na binti yetu hana shule. Pamba, Dada! Mimi pamba naijua kwenye mto wa kulalia tu. Ujana wangu wote nimeumaliza juu ya matuta yale.

Mkuu aliweka na sharti jingine. Kila kiazi kinacholetwa mezani siku ile kiwe na mtu wa kukitolea ushahidi: mtu aliyekipika nyumbani kwake si chini ya misimu miwili, aje aseme mbele ya watu kinapikikaje na kinakaaje. Si kwamba alikuwa mkorofi. Kuna kiazi chetu kimoja kilichokuwa kitamu sana katika jiko la kituo, kikaenda kugeuka uji katika masufuria ya watu, na mtangulizi wake aliaibika. Kiazi kisicho na shahidi, akasema, kinafutwa kabla matokeo hayajasomwa.

Tumaini langu lote nilikuwa nimeliweka kwa Bibi Harusi. Ndivyo tulivyokiita kiazi changu kipenzi, na ungemwona usingeuliza sababu: ngozi laini, umbo limenyooka, ndani rangi ya chungwa iliyoiva. Wageni wakija kituoni nilikuwa nawapeleka kwake kwanza. Alikuwa bado na umajimaji kidogo, nisikufiche, lakini nilijidanganya kwamba watu wangeuzoea.

Bibi Harusi alikuwa na ndugu yake, wa mbegu za mwaka mmoja. Siku tuliyowachimba mara ya kwanza, huyu ndugu alitoka ardhini amepinda kama mpini wa mwavuli, ngozi ina mifereji, ukimmenya unabaki na nusu yake. Tukamwita Kombo. Sikumchemsha hata kipande. Usinishangae, ndivyo tunavyofanya sote katika kazi hii: viazi ni vingi mno kuweza kuchemshwa vyote, kwa hiyo wenye sura mbaya tunawatoa kwa macho, pale pale shambani. Lakini marando yake, yaani ile mitambaazi ya kupanda, yalikuwa na nguvu ajabu, basi tukamfanya mstari wa pembeni. Mstari wa pembeni, Dada, ndio unaozunguka shamba la majaribio ili mbuzi wakija wale huo, na wapita njia wakikanyaga wakanyage huo, wa ndani wabaki salama. Nilimpa kazi ya ukuta.

Sasa, mstari huo ulikuwa unaibwa. Msimu wa kwanza tuliona mashimo mawili matatu, tukasema ni panya. Msimu wa pili mashimo yakawa mengi, na panya gani huyo anayefukia vizuri akimaliza? Nikazungushia miiba. Mwizi akapita. Msimu huu nikampanda Kombo ndani, nyuma ya Bibi Harusi, nikasema nione. Mwizi akampita Bibi Harusi wa watu, hakumgusa hata jani, akaenda kumchimba Kombo huko huko nyuma. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwambia mke wangu kwamba tumepata mwizi mjinga kuliko wote, ameachiwa nyama anabeba mfupa. Hivi ndivyo nilivyosoma, Dada, na ada ulinilipia wewe.

Mkuu yeye hakucheka. Alimwita mlinzi wetu, yule tunayemwita Afande kwa sababu hata akikusalimia anabana mikono, akamwambia kwamba viazi vikiendelea kupotea atafute kazi nyingine. Afande aliapa kwamba hajaona mwizi hata mmoja. Nilimhurumia, ila moyoni nilisema, mlinzi gani huyu asiyeona.

Hapo tuache shamba kidogo, nikueleze ya nyumbani. Mama mkwe hakuwahi kuificha dharau yake kwa kazi yangu. Mimi kwake ni Bwana Viazi. Akiniona natoka na buti asubuhi huniuliza kati ya niliowazika leo wamefufuka wangapi. Mwenyewe ni mtu aliyenyooka kweli kweli. Binti yetu aliwahi kurudi na penseli ya mwenzake, bibi yake akamshika mkono akampeleka hadi mlangoni kwa wenyewe kuirudisha. Lakini jikoni, Dada, heshima yake. Mara kwa mara, hasa Jumatatu, alikuwa akituwekea mezani viazi vilivyomenywa na kukatwa vipandevipande, rangi yake chungwa ya kufifia, vikavu, vina unga, utamu wake unakuja taratibu. Nilikuwa nikila hadi naona aibu. Nikasema mbele yao wote, zaidi ya mara moja, kwamba ningeweza kuzalisha kiazi kama kile ningekufa nimeridhika. Yeye husema tu, kula, Bwana Viazi, utachelewa kazini.

Nilimuuliza amevinunua wapi, nikaombe marando. Akasema kwa mama mmoja wa sokoni, hana meza maalumu, leo yupo kesho hayupo. Basi Jumamosi zangu zikawa za kumtafuta huyo mama. Nilizunguka soko zima, nikauliza kwenye nyanya, nikauliza kwenye ndizi, wanawake wa pale wakaanza kukonyezana. Habari zikamfikia mke wangu kwamba mumewe ana mwanamke sokoni, tena hata jina lake halijui. Nilipata kazi ya kujieleza.

Haya, turudi. Siku ya kuonja ilipokuwa imekaribia, nikasema mwizi huyu nitamkamata mwenyewe, nimsaidie Afande na nipate mtu wa kumtolea hasira zangu. Jumapili mchana, kituo kimetulia, nikajibanza nyuma ya banda la miche. Sikukaa sana. Nikaona mtu anakuja kwa njia ya chini, polepole, ana fimbo mkono mmoja na kikapu mkono wa pili. Akampita Bibi Harusi. Akafika kwa Kombo, akageuza majani, akachagua shina, akainama kwa kiuno kwa sababu goti moja halikunji vizuri, akafukua kwa vidole, akatoa kiazi kimoja kikubwa, akarudisha udongo na kuushindilia kama mtu anayejua atarudi.

Alikuwa mama mkwe.

Hebu jiweke mahali pangu. Mwanamume mzima, shamba lake, haki yake, amemshika mwizi mchana kweupe, na mwizi ni mama yake mkewe. Unadhani nilifanya nini? Nililala chini, Dada. Nilijitupa kifudifudi katikati ya matuta, mdomo umejaa majani, nikaomba asigeuke. Mwenye mali amejificha, mwizi amesimama wima anajipangusa mikono! Akaondoka bila haraka, na mimi nikabaki pale nimelala, nimepigwa na butwaa, siwezi hata kucheka.

Nilipoinuka, kitu kimoja kilikuwa kinanitekenya kichwani. Nikamchimba Kombo mmoja, nikaingia jiko la kituo, nikammenya kwa taabu, nikamkata vipande, nikamchemsha. Nilipoweka kipande cha kwanza mdomoni nilikaa chini juu ya ndoo. Ilikuwa ni ladha ile ile ya Jumatatu. Ile niliyoizungukia soko zima. Nilikuwa nashiba kiazi changu mwenyewe nyumbani, kisha nakuja kazini kulia kwamba sijakipata. Sikujua nicheke au nijichape vibao. Nadhani nilifanya vyote viwili.

Kesho yake, kabla hata Mkuu hajaketi, nilikuwa mlangoni kwake. Nikamwomba amwingize Kombo kwenye siku ya kuonja. Akaniuliza si ndiye niliyemtupa mwenyewe. Nikasema ndiye. Akauliza kama ana vitamini. Nikamwambia watu wa maabara wanampima, na kwa rangi ile sina wasiwasi. Akauliza nani amempika nyumbani misimu miwili. Nikasema yupo, Mkuu, ila siwezi kumtaja. Akasema sahani ya Kombo itawekwa pamoja na nyingine, lakini shahidi asipoonekana kwa miguu yake kabla ya matokeo kusomwa, anafutwa kama mwingine yeyote. Sharti ni lile lile kwa wote, akasema, na mimi sikuweza kumlaumu.

Sasa nani atamwambia mama mkwe? Mke wangu nilipomweleza alicheka hadi akaegemea ukuta, kisha akaacha kucheka ghafla, akasema nisithubutu kumwumbua mama yake. Wala sikuwa na mpango huo. Ningemwambiaje? Mama, nimekuona umeinama? Potelea mbali, bora hiyo pamba.

Basi nilifanya hivi. Asubuhi iliyofuata, viazi vilipoletwa mezani, niliangalia kikombe changu cha chai nikasema, kama anayesema na kikombe, kwamba laiti yule mama wa sokoni angejua. Nikaeleza kwamba mtu pekee anayeweza kuizuia nyumba hii isihame ni yeye, kwa kuwa amekipika kiazi hiki muda mrefu kuliko mtu yeyote. Nikataja siku na saa. Nikasema hakuna atakayemuuliza amekipata wapi. Aje tu aseme kinapikikaje. Mama mkwe aliinuka, akachukua sahani yake ambayo hakuigusa, akaenda nayo jikoni. Kuanzia hapo akawa hasemi na mtu, na Bwana Viazi sikuitwa tena. Nikajua nimeharibu.

Siku yenyewe ikafika. Chumba chetu cha kuonjea kina vijumba vidogo vya mbao, mtu mmoja kila kijumba, na taa zake ni nyekundu, ili rangi ya kiazi isimdanganye mlaji; chini ya taa ile vyote vinafanana. Sahani zina namba tu. Mkuu alikuwa amealika akina mama wauza chakula, dereva wa lori, fundi baiskeli, muuguzi, walimu, watu wa kila aina. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kidirisha cha jikoni zinakorudishwa sahani, na sahani hazisemi uongo. Za Bibi Harusi zilirudi nusu. Nilijikaza, lakini iliniuma kama mzazi anayeona mwanawe amekaa peke yake kwenye sherehe. Za Kombo zilirudi tupu. Yule dereva wa lori aligonga kidirisha akaomba aongezewe ile ya tatu, mpishi akamwambia hapa si mgahawa.

Kwa hiyo ilinibidi nisimame pale nikijua kabisa kwamba nimeshinda, na kwamba ushindi wenyewe unakwenda kufutwa mbele ya macho yangu. Watu wakakusanywa ukumbini. Mashahidi wa viazi vingine wakaitwa mmoja mmoja, wakasema yao. Mkuu akafika kwa Kombo, akaniangalia. Nikaangalia mlango. Akasubiri kidogo, kwa hisani yake, kisha akachukua kalamu.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mkwe, amevaa gauni lake la siku aliyostaafu, mkoba kwapani, fimbo mkononi. Hakuketi. Alitembea hadi mbele, akakohoa kidogo, na ukumbi mzima ukanyamaza kama darasa. Akasema anatafutwa mama wa sokoni. Basi mama wa sokoni hayupo, hakuwahi kuwapo, ni yeye. Akasema kiazi hiki amekipika msimu wa tatu sasa, na vyote amevichukua shambani humu bila ruhusa, na neno la kuchukua bila ruhusa watu wote wanalijua, hakuna haja ya kulipamba.

Kisha akatoa ushahidi, na sijasikia ushahidi kama ule. Kwamba kimenywe na kukatwa kabla ya kuchemshwa kwa ajili ya umbo lake. Kwamba maji yawe machache na kifunikwe. Kwamba hakilowi, hakina nyuzi, na kikikaa pembeni ya jiko kwa wiki mbili kinazidi utamu. Kwamba mjukuu wake hukibeba shuleni akarudi na kifuko kitupu. Na kwamba mkwewe huyu aliyesimama pale, mtaalamu, hukila hadi analamba vidole, kisha huenda kazini kusikitika kwamba hajakipata. Watu walivunjika mbavu. Hata Mkuu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Yeye hakucheka. Alisubiri wamalize, akasema bado. Akasema alipotoka hospitali hakuna chakula kilichokaa tumboni mwake. Alikuwa anakonda na anatuficha, uji wetu anaumwaga. Daktari akamwamuru atembee, akatembea hadi njia ya chini ya kituo, akakuta kiazi kimefukuliwa na mvua, akakiokota. Hicho ndicho kilichokaa. Akarudi kuchukua kingine. Na kwa nini hakuomba? Hapa, Dada, sauti yake ilipungua, ikabidi watu wa nyuma wasogee. Akasema siku wewe ulipokuja kuniposea, alikuambia mbele ya ukoo mzima kwamba mwanamume wa viazi hawezi kumlisha binti yake. Akasema mtu aliyetamka neno lile anakujaje, na bakuli mkononi, kumwomba mwanamume yule yule amlishe yeye? Alishindwa. Kuiba, akasema, kulikuwa kwepesi kuliko kusema asante.

Mimi nilitazama viatu vyangu, lakini havikuonekana vizuri.

Akamgeukia Afande mlangoni akamwomba radhi kwa kumponza. Afande akabana mikono akajibu kwamba hakuna shida, Mama. Mkuu akamuuliza Afande kama kweli hakuwahi kumwona mama huyu. Afande akasema alikuwa akimwona kila Jumapili, na mara moja alimbebea kikapu hadi barabarani. Akaulizwa basi mbona aliapa. Akasema yeye aliulizwa habari za mwizi, na mwizi hakumwona. Mama mkwe wa mwenye shamba akija shambani yeye ni nani amzuie, alidhani nimemtuma. Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi kituo cha pamba.

Mkuu akasoma matokeo. Kombo wa kwanza, juu ya kile cheupe cha sokoni, na si kwa kubahatisha. Maabara nao wakasema vitamini anayo ya kutosha. Bibi Harusi wa mwisho, mwache apumzike. Kuna aliyeuliza nani atanunua kiazi kilichopinda hivi, na wauza chakula wakamzomea kwamba anayetaka uzuri akatazame maua. Mkuu akatangaza kwamba kitengo kinabaki, Afande anabaki, na mimi nabaki, na kazi yangu ya msimu ujao ni kumwozesha Kombo kwa Bibi Harusi tuone kama watoto watanyooka bila kupoteza utamu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mama mkwe, kwa mwendo wa goti lake. Tukafika kona ya nyumba. Hapo akasimama akaniuliza kama bado nakuandikia barua. Nikasema nakuandikia. Akasema anajua kwa nini miaka yote hii hujawahi kukanyaga nyumba hii, na kwamba sababu ni yeye. Dada, mimi nilikuwa nikiamini kwamba ni shughuli zako na umbali. Hukuniambia hata siku moja kwamba neno lile lilikuchoma kiasi hicho. Ulirudi kutoka kuniposea ukaniambia wamekubali, ukacheka, ukanipikia, nami nikafurahi kama mjinga.

Ameniagiza nikuandikie kwamba neno lile amelifuta mbele ya watu wengi kuliko wale aliolisemea. Lakini anasema hilo halitoshi, kwa kuwa wewe hukuwapo, na anayedaiwa radhi huwa haagizi mtu. Nauli anataka kukutumia yeye, usibishane naye, mimi nimeshindwa. Njoo likizo hii, uje na shemeji na watoto. Anataka akupikie kwa mkono wake, akuketishe, akuambie mwenyewe.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto kila mmoja kwa nafsi yake, na majirani wanaonikumbuka. Mke wangu anakusalimu sana, na binti yetu anauliza kama unapenda paka. Nijibu upesi, hata kwa neno moja. Chumba cha wageni kimeanza kufagiliwa, na anayekifagia ni mama mkwe, amekataa kusaidiwa.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho, uliyemfunga kamba za viatu hadi alipoona haya.